Wanawake wa Rwanda wanaocheza wavu wakiwa wamekaa: kwa nini nafasi ya saba ilinitoa machozi (uzi mrefu)

Dereva wa Rusumo:

Wanajamvi, wakubwa shikamooni, rika langu habari za saa hizi.

Mimi naendesha semi, njia yangu ni Dar kwenda Kigali. Foleni ya mpakani inampa mtu muda mwingi wa kuwaza, na kuna jambo nimeliwaza miaka sasa bila kulitua. Leo nalitua hapa.

Wengi wetu tukisikia Rwanda kwenye michezo tunakumbuka mbio za baiskeli. Mimi nikisikia Rwanda nakumbuka viganja. Safari moja mzigo ulichelewa kutolewa pale Masaka, pembezoni mwa Kigali, nikapata siku mbili za kukaa bure. Kuna jamaa wa Biryogo, kule Nyamirambo wanakoongea Kiswahili kama Kigoma, tumejuana zamani kwa ajili ya vipuri. Akaniambia, kaka, usilale ndani ya gari kutwa, twende ukaone dada yangu anavyocheza.

Tukafika kwenye ukumbi. Kitu cha kwanza nilichokiona mlangoni ni miguu ya bandia, imeegemezwa ukutani kwa mpangilio kama magongo ya mpira wa magongo. Mingine bado ilikuwa na raba na soksi. Mmoja ulikuwa na soksi ya pinki. Wenye miguu wako uwanjani, wamekaa sakafuni, na ukumbi mzima unalia pa-pa-pa-pa. Nikadhani wanapiga makofi. Kumbe ni viganja. Katika mchezo ule mkono ndio mguu: unasukuma sakafu kwa viganja, mwili unateleza nyuma, unateleza pembeni, halafu mkono uleule lazima uwe hewani kabla mpira haujafika. Jaribu nyumbani kwako sasa hivi. Kaa chini, nyoosha miguu, mwambie mtoto akurushie mpira mita mbili pembeni yako. Utaelewa ninachosema.

Naendelea posti ya pili, msichangie kwanza.

Dereva wa Rusumo:

Kwa wasioujua mchezo wenyewe. Uwanja una urefu wa mita 10 na upana wa mita 6. Wavu wa wanawake uko mita 1.05 kutoka chini, wa wanaume mita 1.15. Wachezaji sita kila upande, seti ni za pointi 25, ya tano ikifika inachezwa kwa 15. Mpaka hapo ni mpira wa wavu uleule wa shuleni. Tofauti kubwa ni kwamba unapogusa mpira, makalio au sehemu ya kiwiliwili iwe sakafuni. Ukijiinua ili upige smashi, refa anakupulizia. Ruhusa ya kunyanyuka kidogo ipo tu ukiwa nyuma unaokoa mpira. Na kuna jambo ambalo kwenye wavu wa kusimama ni marufuku: hapa unaruhusiwa kuzuia mpira wa kuanzishia. Kwa hiyo yule anayeanzisha hapati pumzi, mikono inamsubiri palepale juu ya wavu.

Mpira unakwenda kasi kuliko wa kusimama, maana uwanja ni mdogo na wavu uko chini. Nilihesabu kwa macho, nikashindwa.

Mchezo wenyewe ulizaliwa Uholanzi mwaka 1956. Wanaume waliuingiza Paralimpiki, yaani Olimpiki ya wenye ulemavu, mwaka 1980 kule Arnhem, wanawake wakasubiri hadi Athens 2004.

Sasa Rwanda. Mwaka 2012 timu yao ya wanaume ilikwenda London, chini ya kocha Mholanzi Peter Karreman. Ilikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kucheza wavu wa kukaa kwenye Paralimpiki. Ndani ya timu ile walikuwamo Dominique Bizimana na Jean Rukondo. Bizimana alipigana upande wa RPF, waasi wa wakati ule. Rukondo alikuwa jeshi la serikali ya wakati ule, akapoteza mguu kwa bomu la ardhini. Watu waliowahi kushikiana bunduki pande mbili za vita moja wakakaa sakafu moja, jezi moja, huyu anatega mpira na yule anapiga. Niliposimuliwa na yule jamaa wa Biryogo nilinyamaza, na yeye alinyamaza. Tukabaki tunasikiliza viganja.

Mabomu yale yaliteguliwa, na mwaka 2009 Rwanda ikatangazwa kuwa nchi isiyo na mabomu ya ardhini. Lakini mguu uliokatika haurudi. Ndiyo maana ukumbi ulikuwa umejaa.

Dereva wa Rusumo:

Posti ya tatu, ndiyo yenye hoja yangu.

Baada ya wanaume wakaja wanawake. Rio 2016, timu ya kwanza ya wanawake kutoka Afrika kusini mwa Sahara katika mchezo huu. Kundi lao lilikuwa na China, Marekani na Iran. Walifungwa mechi zote, wakamaliza wa nane kati ya nane. Timu nyingi zingeishia hapo, wizara ikasema fedha hakuna, wachezaji wakarudi vijijini.

Wao walirudi mazoezini. Tokyo, mwaka 2021, wakapangwa na Marekani, China na Warusi. Wakafungwa tena mechi zote tatu za kundi. Ikabaki mechi ya nafasi ya saba na wenyeji Japani, wakashinda seti 3-0. Ushindi wa kwanza wa wanawake hawa kwenye Paralimpiki, dhidi ya wenye nyumba.

Paris 2024 walianza na Brazil, Canada na Slovenia, wakapigwa. Mechi ya nafasi ya saba wakakutana na wenyeji Ufaransa. Seti 3-0 tena.

Ile ya Paris niliiangalia kwenye simu ya utingo wangu, tuko foleni Rusumo, mtandao unakatika kila mara. Mpira wa mwisho ulipoanguka nililia, na kijana akaniuliza, mzee, kuna msiba? Nikamwambia hapana.

Sababu ni hii. Mdogo wangu wa kike, anayenifuata, aligongwa akiwa juu ya bodaboda. Mguu ulikatwa chini ya goti. Alikuwa anauza vitenge mnadani, anatembea vijiji vitatu kwa wiki. Baada ya hapo alikaa ndani. Simaanishi miezi. Akisikia mgeni anapiga hodi anahamia chumba cha nyuma. Mama alikuwa anamwekea chakula mlangoni.

Nilipotoka Kigali safari ile nilimwambia, nimeona watu kama wewe, hawahitaji viti wala magongo, wako chini wanacheka. Hakunijibu. Nilirudi na wavu wa samaki mkuukuu niliopewa na jamaa wa Mwanza, nikaufunga kati ya miti miwili uani kwetu, hapa nje kidogo ya Nzega. Nikapima kwa futi ya fundi, mita moja na sentimeta tano. Nikatandika turubai la gari chini. Nikakaa upande mmoja nikaanza kurusha mpira peke yangu kama mwehu. Siku ya tatu akatoka.

Leo wako saba. Wanne wa ajali za pikipiki, mmoja polio, mmoja kisukari, na mmoja alizaliwa hivyo. Wameshachoka kucheza wenyewe kwa wenyewe. Hilo ndilo lililonifanya nielewe ugonjwa wa wale wa Rwanda: wanakosa wa kucheza nao. Miaka minne wanazunguka palepale, halafu siku moja wanaingizwa uwanjani na Marekani iliyochukua dhahabu Rio, Tokyo na Paris. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Nimemaliza, karibuni.

Mzee wa Hesabu:

Mkuu, nimesoma yote na pole sana kwa mdogo wako, Mungu azidi kumpa nguvu. Ila niulize kwa nia njema kabisa. Saba kati ya nane, mara mbili, kabla ya hapo ya nane. Fedha zinazopeleka wachezaji 12, makocha na daktari Paris, kwa nini zisipelekwe kwa mwanariadha mmoja au wawili wanaoweza kuleta medali? Rwanda hiyohiyo ina medali moja tu ya Paralimpiki, shaba ya Jean de Dieu Nkundabera, mita 800, Athens 2004. Na Hermas Muvunyi alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 kule Lyon 2013. Wakimbiaji wanao. Naomba nieleweshwe.

Dereva wa Rusumo:

Mzee wangu, swali ni zuri na nimeshajiuliza.

Kwanza angalia zile nane ni akina nani. Rio, Tokyo, Paris: mara zote tatu, timu ya Afrika kwa wanawake ilikuwa moja tu, hao hao. Kuwa wa saba pale maana yake ni kuwa wa kwanza barani. Tiketi ya Tokyo waliikata Kigali mwaka 2019, ya Paris waliikata Lagos mwanzoni mwa 2024. Sensa ya 2022 inasema Rwanda ina watu milioni 13 na kidogo. Sisi Tanzania mwaka huohuo tulihesabiwa milioni 61.7, na mimi nimelazimika kufunga wavu wa samaki uani.

Pili, hesabu ya gharama. Mbio za kiti zinataka kiti maalumu cha magurudumu matatu, kinaagizwa nje, kinapimwa mwili wa mtu mmoja, mwenzake hawezi kukitumia. Wavu mmoja unatumiwa na watu kumi na wawili kwa wakati mmoja. Nchi ndogo ikichagua mchezo huu haijakosea hesabu.

Tatu, mkimbiaji akishinda anarudi nyumbani na medali yake, ni heshima kubwa na siipunguzi. Lakini ligi ya wavu wa kukaa kule kwao ina timu zinazobeba majina ya wilaya. Binti wa wilayani akikatika mguu leo, kesho kuna mahali pa kumpeleka. Mdogo wangu hakuwa na mahali.

Mnyamirambo:

Dereva, umenigusa. Nipo hapahapa Kigali. Naongeza kitu kimoja ambacho mtu wa nje hakioni haraka. Zamani mtu aliyekatika kiungo alipachikwa majina, hata jina lake la kuzaliwa linasahaulika mtaani. Siku hizi watoto wa mtaa wetu wanamjua nahodha Liliane Mukobwankawe kwa jina lake. Wakicheza uani wanakaa chini makusudi. Nimewaona kwa macho yangu, watoto wazima wa miguu wanabishana nani kainua makalio.

Mimi hilo kwangu ni kubwa kuliko shaba.

Fundi Viungo:

Habari za jioni. Natengeneza viungo bandia, nina miaka kadhaa kwenye kazi hii, naomba niseme ya kitaalamu kidogo kwa sababu nimeona Dereva ametandika turubai na nimepata wasiwasi.

Kigutu kipya kisiguse mchezo. Kidonda kipone kabisa, mshono uwe umekauka na daktari ameruhusu. Wenye kisukari wawe waangalifu mara mbili, kwa sababu ganzi inaficha maumivu: mtu anachunika, hajui, anakuja kugundua usiku damu iko kwenye shuka. Kila baada ya mazoezi osha kigutu kwa maji safi na sabuni, kikaushe, kiangalie kwa kioo pande zote. Ukiona wekundu usioondoka baada ya kupumzika, siku inayofuata usicheze. Avae soksi nzito au kaptula ndefu ya kubana, msuguano wa turubai unakula ngozi. Na mguu wa bandia avue. Mchezo huu unachezwa vizuri zaidi bila huo, na hata pale Paralimpiki ndivyo wanavyofanya.

Jambo la pili: msidhani ni wa waliokatwa tu. Goti lisilokunja, mguu uliopooza kwa polio, nyonga iliyoharibika, wote wanafaa. Kimataifa wanapangwa madaraja mawili, VS1 kwa ulemavu mkubwa na VS2 kwa ulemavu mdogo, na uwanjani haruhusiwi zaidi ya VS2 mmoja kwa wakati. Wakaguzi wanakupima misuli na viungo kabla hujacheza, huwezi kujiandikia mwenyewe. Lakini uani kwenu hakuna daraja. Kaka, shemeji, jirani mzima, wote wakae chini wacheze. Hapo ndipo utapata wapinzani.

Mna watu saba? Mkiwakalisha ndugu watano tayari mna timu mbili.

Dereva wa Rusumo:

Fundi, ubarikiwe. Hilo la kisukari sikulijua kabisa, na huyo mama yetu wa kisukari juzi alilalamika suruali inanata. Nampigia simu sasa hivi.

Wa Thika:

Salamu kutoka Kenya. Nilikuwa nataka kupita tu, lakini hili neno la kukosa mwenza limenirudisha nyuma.

Sisi huku tumezoea kuhesabu medali za mtu mmoja mmoja, na Mungu ametujalia. Paris, Samson Ojuka alileta fedha ya kuruka chini daraja la T37. Lakini niwaambie, hata hiyo ya mtu mmoja si ya mtu mmoja. Henry Wanyoike alipoteza macho mwaka 1995 kwa kiharusi, akiwa kijana wa miaka ishirini. Sydney 2000 alikimbia mita 5000 na mwelekezi, na katikati ya mbio mwelekezi ndiye aliyeishiwa nguvu. Asiyeona akawa anamvuta anayeona, anampigia kelele asimame imara, hadi mstarini. Dhahabu. Baadaye ilibidi apate mtu wa kasi yake, ndipo akaingia Joseph Kibunja, rafiki yake wa utotoni, na Athens 2004 wakachukua 5000 na 10,000 pamoja.

Tokyo medali yetu ilikuwa moja peke yake, shaba ya Nancy Chelangat Koech, mita 1500, akiwa na Geoffrey Rotich pembeni. Kamba ile fupi ya mkononi ndiyo timu. Asiyeona bila mwelekezi hatoki nje kufanya mazoezi asubuhi, imeisha hiyo. Kwa hiyo naelewa wale wa wavu. Unaweza kuwa na moyo wa simba, kama hakuna wa kukurudishia mpira unafanya nini?

Nilikimbia na kijana asiyeona nikiwa chuo, miezi saba. Nilipohamia kazini aliacha kukimbia. Sijawahi kulisema hili mahali popote.

Buyenzi:

Wa Thika pole, na usijihukumu peke yako.

Dereva, ukitoka Rusumo kuelekea Kigali unapita Kirehe. Huko ndiko iliko kambi ya Mahama. Parfait Hakizimana, Mrundi mwenzetu, alikuwa anaishi ndani ya kambi hiyo na kufundisha watoto wa wakimbizi taekwondo, mkono mmoja. Alikwenda Tokyo na timu ya wakimbizi ya Paralimpiki, timu ya watu sita tu kutoka dunia nzima. Ukipita tena hapo piga honi moja kwa niaba yangu.

Dereva wa Rusumo:

Nitapiga. Nimepita Kirehe mara ngapi, sikujua.

Mzee wa Hesabu:

Nimeelewa, na narudisha swali langu. Naongeza la kwetu: Tembo Warriors, timu yetu ya soka la waliokatika viungo, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia Uturuki 2022. Walipata tiketi hapahapa Dar mwaka 2021, na watu walijaa kuangalia. Kwa hiyo kumbe tukipewa uwanja na wapinzani tunaweza. Wale wako kwa magongo, wanawake wachache wanajitokeza kwenye mchezo ule. Wavu wa kukaa ungewafaa mabinti.

Dereva, turubai likipigwa jua linaunguza. Mnacheza saa ngapi?

Dereva wa Rusumo:

Saa kumi jioni, mzee. Mwanzoni tulicheza saa nane na mikono ikababuka, nililaumiwa mwezi mzima. Sasa tunamwagia maji kwanza, tunafagia kokoto chini yake, tunalitandika upya. Kokoto moja ikibaki utaijua.

Vitenge Nzega:

Shikamooni wote. Mimi ndiye huyo mdogo wake. Kaka amenionyesha simu, nimesoma kila mlichoandika, nikaomba nami nifungue akaunti.

Nataka kusahihisha kimoja. Sikutoka siku ya tatu kwa sababu ya maneno yake. Nilitoka kwa sababu alikuwa anapiga mpira vibaya, unaangukia bustani ya mama kila mara, nikaona atamaliza mchicha. Nikakaa upande wa pili nimwonyeshe. Nilicheza wavu nikiwa shule ya msingi.

Mnadani nimerudi tangu mwaka jana. Siendi vijiji vitatu, naenda kimoja, nakaa na mzigo wangu.

Fundi, asante kwa habari ya kioo, nimeanza leo. Yule mama wa kisukari kweli alikuwa amechunika nyuma ya paja na hakujua. Anapumzika wiki hii, anakuja kushika filimbi. Kwa hiyo tumebaki sita, upande mmoja kamili, upande wa pili ni kaka, utingo wake na watoto wa jirani, na hao hawakai chini, wanainuka kila mpira. Kama kuna mtu karibu na Nzega, Igunga au Kahama mwenye ndugu aliyejifungia ndani, mwambieni.

Kahama Mjini:

Dada, marahaba. Mke wangu alikatwa mguu miezi kumi iliyopita. Nimemsomea uzi huu kuanzia juu. Amesema hachezi, ila anataka kuona.

Jumamosi mpo?

Vitenge Nzega:

Tupo, kaka. Mwambie shemeji avae kaptula ndefu, hata kama anakuja kuona tu.